Sumaku ya spika haijafa, kilichoungua ni koili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Najua barua yangu ni ndefu lakini naomba usiikate sana maana jambo lenyewe ukilikata katikati halieleweki. Mimi ni fundi spika, kibanda changu kipo hapa Tandika, kazi hii naifanya tangu enzi za redio za kaseti, na gazeti lenu nalisoma kila siku pale benchi la kahawa.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja na spika mbili za inchi 15, kazifunga kwenye khanga, zimetoka kwenye harusi ya binti yake. Akaniambia fundi, hizi sumaku zimeisha nguvu, usiku wa harusi zilianza kukoroma afu kimya, sasa we chukua tu kama skrepa nipe chochote hata elfu kumi nikanywe chai. Yaani mzee wa watu alikuwa tayari kuacha vitu alivyonunua kwa laki kadhaa sababu mtu kamwambia sumaku imeisha. Na huyo sio wa kwanza, maneno hayo nayasikia kila wiki, na wale vijana wanaopita na mikokoteni kununua vyuma chakavu wanabeba spika ambazo zingeweza kulia miaka mingine kumi, wanazipiga nyundo, sumaku inauzwa kivyake, karatasi inatupwa jalalani.

Mhariri, sumaku haikuisha. Nilichukua bisibisi nikaigusisha nyuma ya ile spika ikanasa, nikamwambia mzee haya ibandue kwa vidole viwili, ikamsumbua. Ile sumaku nyeusi ya duara inayokaa nyuma ya spika inatunza nguvu yake miaka na miaka, nimeshafungua spika zenye umri kuliko wanangu na sumaku ziko vile vile. Kilichokufa ni koili, yaani uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa ndani, na koili inabadilishwa, kuna watu tunakula kwa kazi hiyo.

Sasa siku hiyo pale kibandani alikuwepo kijana wa jirani yangu, yuko kidato cha nne, anapenda kuja kukaa akitoka shule. Akadakia, anko, hiyo spika si inafanya kazi kwa ile kanuni ya mkono wa kushoto? Nikafurahi. Akanyoosha vidole vitatu akaanza kunitajia kwa Kiingereza, kidole hiki kinaonyesha hivi na hiki kinaonyesha hivi, hakukosea hata neno. Nikamwambia vizuri sana, sasa nionyeshe kwenye hii spika, mkondo wa umeme unapita wapi, uga wa sumaku, yaani ile nguvu inayosambaa kuizunguka sumaku, umeelekea wapi, na kitu gani kinasogea. Kimya. Akaigeuza ile spika mbele nyuma, akaniangalia. Mtoto ana akili, mtihani huo atafaulu, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwekea mkononi kile kitu anachokisoma, na mfukoni alikuwa na simu yenye spika ya namna hiyo hiyo inalia kutwa nzima. Iliniuma kweli. Nikamwambia vuta kigoda, na yale niliyomwambia siku ile ndo nataka wasomaji wako wayasome, maana nimegundua na watu wazima wengi tu hawajawahi kuambiwa.

Ukiichana spika katikati kama unavyopasua boga utakuta hivi. Mbele kuna koni, ile karatasi ngumu, imeshikwa ukingoni na mkunjo wa raba au sponji au kitambaa ili iweze kwenda mbele na nyuma bila kutoka mahali pake. Kwenye shingo ya koni kuna kibomba kidogo cha karatasi ngumu au alumini, na juu ya kibomba hicho ndo imezungushwa koili, waya wa shaba uliopakwa vanishi ili mzunguko mmoja usigusane na mwenzake. Koili inashikwa isiyumbe na kile kitambaa kilichokunjwa kunjwa, mafundi tunakiita spaida. Nyuma kuna sumaku nene yenye tundu kama donati, juu yake bamba la chuma lenye tundu, chini yake bamba lingine la chuma, na katikati ya tundu inasimama nguzo ya chuma. Kati ya nguzo na bamba la juu unabaki upenyo mwembamba wa duara, na koili inaning'inia humo ndani, haigusi huku wala huku, nafasi inayobaki kila upande ni chini ya nusu milimita. Ndo maana ukibonyeza koni kwa vidole ikakwaruza ujue koili imepinda au imeungua ikavimba.

Watu wanadhani yale mabamba ya chuma ni ya kushikilia tu, hapana. Chuma kinapitisha nguvu ya sumaku kirahisi kuliko hewa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu inayotoka kwenye ile donati inaongozwa na chuma mpaka kwenye ule upenyo mdogo, inaruka kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye bamba au kinyume chake, pande zote sawasawa kama spoki za gurudumu la baiskeli. Pale ndani inafika kama tesla 1 hivi kwenye spika nyingi nzuri, tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku. Ile nguvu ya sumaku ya dunia, inayogeuza sindano ya dira, kwa huku kwetu pwani ukiilinganisha na hiyo ya kwenye upenyo basi upenyo unaizidi karibu mara 30,000. Sasa fikiria waya umekaa humo.

Nikachukua betri ya tochi, ya volti 1.5, nikamwambia gusisha nyaya za spika nzima niliyokuwa nayo mezani. Akagusisha, tk, koni ikaruka mbele ikabaki imetokeza kidogo. Toa. Ikarudi. Haya geuza nyaya, hasi iwe chanya. Tk, safari hii koni ikaingia ndani. Akarudia kama mara ishirini yule mtoto, nikamwacha, na mzee wa harusi naye akainuka kwenye benchi akaja kuangalia. (Wasomaji wakijaribu nyumbani wagusishe na kutoa, wasiiache betri imeunganishwa, na kwa jina la Mungu mtu asije akachomeka nyaya za spika kwenye soketi ya ukutani, ile ni volti 230, koili inageuka moto na wewe mwenyewe unaweza kufa.)

Hapo ndo mkono wa kushoto unapoingia. Mkondo wa umeme unazunguka kwenye koili, uga wa sumaku unakata kutoka katikati kwenda nje, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa kukatizana hivyo waya unasukumwa upande wa tatu, ambao ni mbele au nyuma. Kidole cha shahada kielekeze uga, cha kati kielekeze mkondo, gumba litakuonyesha waya unakwenda wapi. Na kwa vile uga umezunguka duara zima na waya nao umezunguka duara zima, popote utakapoweka mkono wako kwenye duara hilo gumba linaangalia upande ule ule, basi kila kipande cha waya kinasukuma pamoja na wenzake kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Ukigeuza umeme, wote wanavuta. Mtu aliyebuni umbo lile alikuwa na akili mno, mpaka leo nikilifungua bado nalishangaa.

Nguvu yenyewe unaweza kuipigia hesabu, unazidisha nguvu ya uga kwa urefu wa waya ulio ndani ya upenyo kwa mkondo unaopita. Tuseme uga tesla 1, waya mita 5, mkondo ampea 1, unapata nyutoni 5, hiyo ni kama uzito wa nusu kilo ya sukari. Inaonekana ndogo, lakini koni ya inchi 6 pamoja na koili yake inaweza kuwa na gramu 15 tu, nusu kilo ikisukuma gramu 15 ni jambo lingine kabisa, kinaruka kwa kasi inayoongezeka zaidi ya mara 30 ya kitu kinachoanguka kutoka mkononi. Ndo maana karatasi ile inaweza kufuata sauti ya mtu bila kuchelewa.

Na kufuata sauti ndo kazi yenyewe. Betri inatoa tk moja kwa sababu umeme wake umesimama pale pale, hauendi mbele wala nyuma. Ampu, yaani ile mashine ya kukuza sauti, inatoa umeme unaogeukageuka, na unageuka kwa kufuata mtikisiko ule ule wa hewa uliopiga kwenye maikrofoni. Mwanaume akiongea au akiadhini kwa sauti nzito, hewa inatikisika kama mara 120 kwa sekunde, basi umeme nao unageuka mara 120, koili inakwenda mbele na nyuma mara 120, koni inasukuma hewa na kuivuta mara 120, na sikio la mtu wa mtaa wa pili linapokea kile kilichotoka kooni kwa mwadhini. Juu ya hizo 120 kuna mitikisiko mingine midogo midogo ya haraka imepandiana, ndo inayotufanya tujue huyu ni fulani na yule ni fulani, na koili moja inaibeba yote kwa pamoja. Sikio la binadamu linapokea kuanzia mitikisiko kama 20 mpaka 20,000 kwa sekunde. Koni kubwa nzito haiwezi kwenda haraka hivyo, ndo tunaweka twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Na twita haiwezi besi, kwa sababu sauti ikishuka nusu, yaani kutoka mitikisiko 100 kwenda 50, koni inatakiwa itembee mara nne zaidi ili usikie ukubwa ule ule. Kwa hiyo besi unaiona kwa macho koni inavyocheza, twita huioni kitu.

Boksi nalo lisidharauliwe. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta, sasa spika ikiwa wazi hewa ya mbele inazunguka ukingo inaenda kujaza nyuma na besi inafutika, mkiwa na spika nzuri iko tupu mezani mtasema mbovu. Iweke kwenye boksi lililobanwa vizuri mbao haziachi upepo, utashangaa.

Wakati gundi inakauka nikamsimulia kijana mambo haya yalikotoka, maana naamini mtoto akijua kuna watu kama yeye waliohangaika na kitu hataogopa kukigusa. Mwaka 1820 huko Copenhagen mwalimu mmoja anaitwa Hans Christian Ørsted alipitisha umeme kwenye waya karibu na dira akaona sindano imegeuka. Hapo ndo watu wakajua umeme na sumaku ni ndugu. Mwaka uliofuata Michael Faraday wa London akafanya waya wenye umeme uzunguke sumaku ndani ya zebaki, na huyu Faraday Mhariri alikuwa mtoto wa mfua vyuma, shule alisoma kidogo sana, akawekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu na akawa anasoma vile vitabu anavyovijalidi. Kijana alinikatisha hapo akaniuliza mara mbili, mfua vyuma kweli? Kweli.

Mwaka 1874 Werner Siemens wa Ujerumani aliandikisha haki ya ubunifu wa koili inayosogea ndani ya sumaku, lakini hakuitumia kutoa sauti, na simu ya Alexander Graham Bell ilikuja 1876. Ikakaa weee mpaka 1915, vijana wawili Peter Jensen na Edwin Pridham wakiwa Napa, California, wakachukua koili ndani ya sumaku wakaifunga kwenye tarumbeta ya santuri, na sauti ikaanza kusikika mbali nje. Jensen alitoka Denmark, nchi ile ile ya Ørsted. Desemba mwaka huo wakaufungulia umati muziki wa Krismasi nje ya ukumbi wa jiji la San Francisco, na mwaka 1919 rais Woodrow Wilson alihutubia uwanja mzima wa watu San Diego kwa vipaza sauti vyao. Kabla ya hapo kiongozi alikuwa anapiga kelele mpaka koo linakauka na walioko nyuma wanaulizana kasemaje. Afu 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric wakaeleza spika yenye koni na koili kwa namna ambayo ndo hii hii tunayoitumia, ukimpa mmoja wao spika ya leo atakaa kwenye kigoda changu na kuitengeneza. Kilichobadilika sana ni sumaku. Mwanzo sumaku za kudumu zilikuwa dhaifu, wakawa wanatumia sumaku ya umeme, yaani koili nyingine kubwa inayokula umeme muda wote, baadaye zikaja za mchanganyiko wa alumini na nikeli na kobalti, afu hizi nyeusi za feraiti ambazo ni bei nafuu, na miaka ya 1980 zikaja za neodimiamu, ndogo lakini kali ajabu, bila hizo simu na hizi hedifoni za kuingiza sikioni zisingekuwa na sauti ya maana.

Nirudi kwa mzee na harusi yake, maana aliniuliza swali la haki, kama sumaku nzima, nani kaniulia spika?

Mhariri, spika inapoteza umeme mwingi kuliko watu wanavyodhani. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati 100 inatoa kama wati 1 tu ya sauti, hizo 99 zinazobaki zinageuka joto, na karibu joto lote liko kwenye ule uzi wa shaba. Zile honi za misikitini na za magari ya matangazo zinafanya vizuri zaidi ya hapo kwa sababu tarumbeta inaisaidia sauti kuikamata hewa, ndo maana kwa wati chache zinasikika mtaa mzima. Lakini koni ya harusi ni heater yenye sauti, nisemeje. Shaba ikifika nyuzi 200 ukinzani wake, yaani inavyouzuia umeme kupita, unapanda karibu asilimia 70 juu ya ulivyokuwa asubuhi, umeme unaopita unapungua, sauti inafifia, DJ anasikia imefifia anaongeza volyum, joto linazidi. Gundi inayoshika koili inalainika, mizunguko inaachia, inakwaruza kwenye upenyo, kukoroma kunaanza, afu waya unakatika. Ile harufu ya vanishi iliyoungua mwenye ukumbi akiisikia ajue kumeshaharibika.

Na kuna jambo wengi hawalijui, ampu ndogo inaua spika kubwa. Ampu ikisukumwa kupita uwezo wake inashindwa kufika juu, vilele vya sauti vinakatwa vinakuwa bapa kama meza. Umeme wa vilele bapa kabisa unabeba nguvu mara mbili ya ule wa mviringo wenye kimo hicho hicho, kwa hiyo ampu iliyoandikwa wati 100 inaweza kupeleka karibu 200, tena sehemu ya ziada hiyo inakwenda kwa twita ambayo uzi wake ni kama unywele. Ndo maana twita zinatangulia kufa.

Kwenye ile harusi nilipouliza uliza nikajua walifunga spika nne za omu 8 sambamba kwenye upande mmoja wa ampu, omu ni kipimo cha ukinzani. Mbili zikiwa sambamba zinakuwa omu 4, nne zinakuwa omu 2, na ampu yenyewe imeandikwa nyuma mwisho omu 4. Transista, yaani vile vipande vya ndani ya ampu vinavyosukuma umeme kwenda kwenye spika, zikaungua zikashikana, na zikishikana hazipitishi tena sauti, zinamwaga umeme ulionyooka kama wa betri, tuseme volti 40, moja kwa moja kwenye koili. Ukiipima koili ya omu 8 kwa multimita, kile kipima umeme cha fundi, inasoma kama 6, basi 40 gawanya kwa 6 ni ampea 6 na ushee, ni zaidi ya wati 260 za joto tupu, na koni imesukumwa imesimama pale haichezi, kwa hiyo hata ule upepo wa kuipoza koili hamna. Sekunde chache tu. Mzee akanyamaza, afu akasema kwa hiyo ni nyaya tu zilivyofungwa. Ndio mzee wangu, ni nyaya.

Ndo ningependa watu wajue wanapokwenda dukani. Boksi limeandikwa wati elfu tano kwa maandishi ya dhahabu, sabufa yenyewe unaibeba kwa mkono mmoja, inachomekwa kwenye adapta ndogo ya wati 30. Itazitoa wapi? Haiwezekani itoe sauti nyingi kuliko umeme inaokula. Ulizia wati za kudumu, zile ambazo spika inavumilia muda mrefu, na ujue kuwa kuzidisha wati mara mbili kunakuongezea desibeli 3 tu, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, sikio linasikia tofauti ndogo. Ili usikie kama sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Na msidanganywe na ukubwa wa mgongo wa spika, nimeshafungua moja imevishwa kofia kubwa ya plastiki nyuma, ndani sumaku ni ndogo kama kifuniko cha chupa ya maji. Aliyeiuza anajua alichofanya, na mnunuzi alikuwa mama anayeuza chakula aliyejibana miezi mingi, hili linaniuma mpaka kesho.

Spika za mzee nilizitengeneza. Nilikata karatasi na koili za zamani, nikafunika upenyo kwa utepe wa karatasi wenye gundi haraka kabla unga wa chuma haujaingia, maana chembe moja ya chuma ikinasa humo hutoi kirahisi, itakwaruza maisha. Nikaweka koili mpya, kuisimamisha katikati natumia vipande vya filamu ya eksirei ya zamani, navipanga kuizunguka nguzo, gundi ikishika navivuta kimoja kimoja. Kijana ndo alivivuta. Alishika pumzi.

Afu nikamwonyesha kitu cha mwisho. Nilichukua spika mbili ndogo za redio mbovu, nikaziunganisha kwa waya mrefu, hamna betri hamna ampu, nikampa moja akaenda nayo nyuma ya kibanda akaiweka sikioni, mimi nikaongea kwa nguvu karibu na koni ya hii nyingine. Alisikia. Kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya mtungi, lakini alisikia jina lake. Sauti yangu ilisukuma koni, koni ikasogeza koili ndani ya sumaku, na waya ukisogezwa ndani ya sumaku unazaa umeme, hilo Faraday alilionyesha 1831, ndo jenereta zote za kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu zinavyofanya kazi. Umeme ule mdogo ukasafiri kwenye waya ukasukuma koili ya pili. Kwa hiyo spika ikigeuzwa ni maikrofoni. Alirudi mbio akasema anko hii imo kwenye daftari langu, mada inayofuata, na mimi sikujua ni hii.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba gazeti lenu lina michezo kurasa nne tano, lina mapenzi, lina nyota za wiki, sina ugomvi na hayo, nayasoma. Lakini tupeni hata robo ukurasa kwa wiki wa mambo kama haya kwa Kiswahili hiki hiki tunachoongea. Wapo mafundi wa friji, wa pampu za maji, wa injini za boti kule Feri, wanajua kwa nini vitu vinafanya kazi na hakuna anayewauliza. Watoto wetu wanasoma sekondari kwa Kiingereza, sikatai, lakini mtoto akiambiwa uga unakata waya kwa lugha anayoota nayo ndoto, ataukuta uga huo ndani ya spika ya mama yake kabla hajaukuta kwenye mtihani.

Na walimu wa fizikia wa huku Temeke, kwangu kuna boksi lina spika ndogo 14 zilizokufa, sumaku zake zote bado zina nguvu, nyingine nimeshazifungua ili ndani paonekane. Sitaki hela. Mwalimu aje achukue zote, ila aje na mfuko wa turubai au ndoo, maana mfuko mwepesi hautazibeba, na saa na kadi za benki aziache mbali na boksi.

Wenu,
Fundi spika,
Tandika, Dar es Salaam